Tukirekebisha namba za ajira, tulidanganya? Jibu kwa mchambuzi anayeitwa kuwa mchumi mwandamizi

*"Nina miaka saba katika kitengo cha takwimu za kazi cha ofisi ya takwimu ya serikali. Nilianza kama mdadisi, nikagonga milango na dodoso mkononi, baadaye nikawa mchambuzi. Data ya utafiti wa nguvukazi naijua nje ndani. Sasa nimeambiwa nijiandae kuwa mchumi mwandamizi: nisimamie uchambuzi, niandike taarifa ya kila robo mwaka, nijibu maswali ya waandishi na ya wizara. Robo iliyopita tulirekebisha namba za ajira zikashuka, na wiki nzima tukaitwa wapishi wa takwimu. Hata nyumbani ndugu zangu wananiuliza inakuwaje mtu aliyefanya kazi saa moja kwa wiki ahesabiwe kuwa ana ajira. Tena ofisa mmoja wa wizara aliomba kuziona namba kabla ya siku ya kuzitoa, akashauri neno moja kwenye taarifa 'lilainishwe'. Aliyekuwa kwenye nafasi hiyo alikubali. Nikikipokea cheo hiki, nitabaki mtakwimu au nitageuka msemaji? Nina nafasi pia kwenye taasisi binafsi yenye mshahara mkubwa zaidi. Usiku wa kuamkia siku ya kutoa takwimu huwa silali. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara tatu, na chini ya yote uliyoyaeleza naiona hofu moja. Unaogopa kukabidhiwa namba ambayo mwenyewe unajua haina uhakika kamili, kisha utakiwe kuitetea kana kwamba inao. Kama kazi ya mchumi mwandamizi ingekuwa hiyo, ningekuambia uikatae leo. Nimeifanya kwa miaka mingi, na sivyo ilivyo. Mchambuzi huitoa namba. Mwandamizi huwajibika kwa umbali uliopo kati ya namba hiyo na hali halisi ya watu: aujue ni wa kiasi gani, umetokana na nini, na auseme kabla hajaulizwa.

Tuanze na kuitwa wapishi, maana naona hapo ndipo palikuuma zaidi.

Watu wengi huamini kwamba namba ikirekebishwa, ya kwanza ilikuwa ya uongo. Wewe unajua si hivyo, lakini kujua ni jambo moja na kumweleza mtu asiye wa fani ni jingine, na huko unakokwenda utalieleza hili mara nyingi kuliko unavyodhani. Mimi hulieleza hivi. Takwimu za ajira zinazotoka mapema hutegemea waajiri waliojibu mapema, na waliochelewa si lazima wafanane nao. Biashara inayofungwa, kwa mfano, haina mtu wa kujaza fomu. Majibu ya waliochelewa yakiingia, namba husogea. Halafu kuna marekebisho ya msimu, yaani kuondoa kupanda na kushuka kunakojirudia kila mwaka: vipimo vyake hukokotolewa upya kila data mpya inapoongezeka, kwa hiyo hata miezi iliyokwisha kupita hubadilika kidogo. Mwisho, sampuli hupimwa dhidi ya hesabu pana zaidi, iwe ni kumbukumbu za kodi au sensa mpya, na hapo ndipo mara nyingine mrukio huwa mkubwa.

Tazama Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani. Namba yake ya kila mwezi ya ajira hutoka kwenye utafiti wa zaidi ya waajiri 100,000, hurekebishwa katika miezi miwili inayofuata, na kila mwaka hupimwa dhidi ya kumbukumbu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, zinazofikia zaidi ya 95% ya ajira zote. Agosti 2024, makadirio ya awali ya upimaji huo yalionyesha kwamba ajira za Machi mwaka huo zilikuwa zimezidishwa kwa 818,000. Hesabu ya mwisho ilipotoka mapema 2025, pengo lilikuwa chini kidogo ya 600,000, yaani takriban 0.4% ya ajira zote. Ona kwamba hata rekebisho lenyewe lilirekebishwa, na yote yalifanyika hadharani, kwa tarehe zilizotangazwa.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Tarehe 1 Agosti 2025 ofisi hiyohiyo ilipunguza ajira za Mei na Juni kwa jumla ya 258,000, na siku ileile Rais Donald Trump akamfukuza kazi kamishna wake, Erika McEntarfer, akidai bila kutoa ushahidi kwamba namba zilichezewa. William Beach, aliyeiongoza ofisi hiyo kabla yake na ambaye aliteuliwa na Trump mwenyewe, alijitokeza kusema madai hayo hayana msingi. Kwa hiyo utaratibu sahihi haukukingi na hasira ya mtu. Unachokupa ni kwamba mwenzako wa fani, hata aliyeteuliwa na upande mwingine, anaweza kufungua kazi yako, akaifuata hatua kwa hatua, na kusema kwamba ilifanywa inavyopaswa.

Kwa hiyo, rudi kwenye robo yenu iliyopita na uliza jambo moja: wasomaji waliambiwa lini kwamba mngerekebisha? Kama sera ya marekebisho ilikuwa imechapishwa, na kila jedwali la awali lilibeba neno "awali", mlifanya kazi yenu, na waliowatukana walikuwa na nafasi ya kujua. Kama habari ya rekebisho iliwafikia watu siku moja na namba mpya, bila onyo, basi kosa lipo, ingawa silo mlilotuhumiwa. Kosa hilo mwandamizi ana uwezo wa kulirekebisha. Mchambuzi hana.

Sasa hiyo saa moja. Ndugu zako wana haki ya kushangaa, na tafadhali usiwajibu kwa kusema "ndiyo kanuni ya kimataifa" ukaishia hapo. Ni kweli kanuni hiyo ilikubaliwa mwaka 1982 kwenye mkutano wa 13 wa kimataifa wa watakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, na mkutano wa 19 mwaka 2013 uliibakiza. Lakini kanuni ina sababu, na sababu ndiyo inayomtuliza mtu.

Kila mtu mzima huwekwa kwenye kapu moja tu kati ya matatu: mwenye ajira, asiye na ajira, au aliye nje ya nguvukazi. Ili makapu yasigongane, kazi hutangulizwa. Aliyefanya kazi ya malipo au faida hata kwa saa moja katika wiki inayoulizwa huenda kapu la kwanza. Kapu la pili hubaki kwa asiye na kazi kabisa, ambaye wakati huohuo anaitafuta na yuko tayari kuianza. Ukipandisha mpaka ufike saa kumi, utakuwa umeuhamisha mstari tu. Aliyefanya saa tisa ataonekana hana kazi, na jasho lake litapotea kwenye hesabu ya kazi iliyozalisha pato la nchi. Saa moja ina faida ya kuwa wazi: kapu la pili linamaanisha kukosa kazi, si kupungukiwa kazi.

Tatizo, na hapa ndugu zako wako sahihi kabisa, ni pale kiwango cha ukosefu wa ajira kinapotumiwa kama kipimo cha dhiki. Hakikuundwa kwa ajili hiyo. Kwa mwenye saa chache anayetaka zaidi kuna kipimo cha ajira pungufu. Kwa aliyekata tamaa akaacha kutafuta, kuna kipimo cha nguvukazi tarajiwa. Azimio la 2013 lilivipanga vipimo hivi kwa ngazi nne, kuanzia kiwango cha kawaida cha ukosefu wa ajira hadi kile kinachojumlisha wasio na ajira, wenye ajira pungufu na nguvukazi tarajiwa. Nchi inaweza kuwa na kiwango cha kwanza kidogo sana na cha nne kikubwa mno, hasa pale ambapo hakuna bima ya kumwezesha mtu kukaa bila kazi akitafuta. Maskini hawezi kumudu kukosa ajira, hushika chochote. Kama taarifa yenu huweka kiwango cha kwanza kwenye kichwa cha habari na kuvizika vingine kwenye jedwali la mwisho, hiyo ni hukumu ya mwandishi wa taarifa. Ukiwa mwandamizi, mwandishi ni wewe.

Azimio hilohilo lilileta mtego mwingine ambao nakusihi uuandalie maelezo mapema. Lilitenganisha ajira na kazi nyingine, hivyo anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anafanya kazi, lakini hahesabiwi tena kuwa na ajira. Ofisi inapohamia ufafanuzi huo, idadi ya wenye ajira inaweza kuanguka bila mtu hata mmoja kuacha jembe. Asipokuwapo wa kukokotoa mfululizo wa zamani na mpya sambamba kwa kipindi fulani, na kuandika kwa lugha nyepesi kilichotokea, vichwa vya habari vitatangaza janga ambalo halikutokea.

Niseme na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha maana ya cheo hiki. Mwaka wangu wa kwanza kama mwandamizi niliandika sentensi fupi: "Ukosefu wa ajira umeshuka." Ulikuwa umeshuka kwa nusu ya pointi ya asilimia. Robo iliyofuata ukarudi ulikokuwa, na nikaulizwa nini kimeharibika kwenye uchumi. Hakuna kilichoharibika. Hakuna kilichokuwa kimetengemaa pia.

Hesabu unaijua, lakini ifanye tena kwa macho ya mtu atakayeandika sentensi. Tuseme sampuli ina watu 10,000 walio kwenye nguvukazi na kiwango ni 6%. Kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho makadirio huyumba kwa bahati ya nani amechaguliwa, kama watu wangechaguliwa mmojammoja kwa kura, ni karibu pointi 0.24. Lakini hatuwachagui hivyo. Tunachagua maeneo, kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana. Tukichukulia kwamba hilo linaongeza tofauti ya makadirio (mraba wa kosa hilo) mara mbili, kosa linafika 0.34, na ukingo wa asilimia 95, yaani mipaka ambayo karibu mara 95 kati ya 100 huibeba namba halisi, unakuwa takriban pointi 0.7 kila upande. Badiliko kati ya robo mbili zenye sampuli tofauti lina ukingo mpana zaidi, karibu pointi 0.9. Sampuli zikishirikiana kaya, ukingo hupungua, na ndiyo maana tafiti nyingi hurudi kwenye kaya zilezile. Nusu pointi yangu ilikuwa ndani kabisa ya ukingo huo. Niliyopaswa kuandika ni: "Badiliko si kubwa kiasi cha kutenganishwa na bahati ya sampuli." Ni sentensi isiyopendwa na mhariri yeyote. Utaiandika mara nyingi, na kila mara utasikia msukumo wa kuandika nyingine.

Hapo ndipo ofisa wa wizara anapoingia. Tutenganishe mambo mawili aliyoyaomba.

Kuziona namba mapema si dhambi kwa yenyewe. Nchi nyingi huwapa viongozi wachache saa kadhaa ili wajiandae kujibu. Kinacholeta tofauti ni kanuni: orodha ya wanaoona iko wazi kwa umma, muda ni mfupi na unajulikana, na anayevujisha hupoteza nafasi. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Ofisi yake ya takwimu ilifuta utaratibu huo tangu Julai 2017, namba zake zikawa zinawafikia wote kwa wakati mmoja. Kama ofisini kwenu hakuna orodha wala saa, ombi la ofisa yule ni dalili ya pengo kwenye utaratibu, na pengo huzibwa kwa utaratibu, si kwa ugomvi wako na yeye.

Neno ni suala jingine. Mtu wa wizara akikuambia jumla ya jedwali haikai sawa, mshukuru na usahihishe. Akikuambia "imepungua" iwe "imetulia", anataka kugusa kitu ambacho si chake. Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa na Tume ya Takwimu mwaka 1994 na kuridhiwa na Baraza Kuu mwaka 2014, zinasema mbinu na namna ya kuwasilisha takwimu huamuliwa kwa vigezo vya kitaalamu. Kanuni ya nne inakwenda mbele zaidi: inaipa ofisi ya takwimu haki ya kutoa maoni pale takwimu zinapotafsiriwa vibaya au kutumiwa isivyo. Wachambuzi wengi hawajui kwamba haki hiyo ipo kwa maandishi.

Ugomvi huu wa maneno una historia ndefu. Marekani, mwaka 1971, watakwimu wa kazi waliielezea hali ya ajira tofauti na alivyoieleza waziri wao, na mikutano yao ya kila mwezi na waandishi ikasimamishwa. Kilichofuata ni kwamba kamati ya pamoja ya uchumi ya Bunge la nchi hiyo ilianza kumwita kamishna wa takwimu kila mwezi aeleze mbele yake.

Kwa vitendo, fanya hivi. Ombi lolote la kubadilisha maneno lijibu kwa upole: "Naomba mtume maoni kwa maandishi, tutayahifadhi pamoja na majibu yetu." Usipandishe sauti, usimtuhumu mtu. Kwa uzoefu wangu maombi mengi hufia hapo, kwa sababu aliyeomba kwa simu hapendi kuonekana kwenye jalada. Pia andika mapema, kabla hujaziona namba, misamiati ya taarifa: badiliko la kiasi gani litaitwa kupungua, la kiasi gani litaitwa kutobadilika. Neno lililochaguliwa na kanuni ni gumu kulainisha. Na aliyekutangulia usimhukumu haraka. Huenda alikuwa peke yake, bila kanuni hata moja ya kuegemea.

Umeuliza utakuwa mtakwimu au msemaji. Utakuwa mtakwimu anayesema, na sehemu kubwa ya siku haitakuwa mbele ya waandishi. Itakuwa kwenye kiwango cha majibu, ugonjwa unaozitafuna tafiti za nguvukazi kimyakimya. Uingereza ililazimika Oktoba 2023 kusitisha kutoa makadirio ya utafiti wake wa nguvukazi, baada ya kiwango cha waliojibu kati ya walioombwa kushuka chini ya 20%. Yalirejea Februari 2024 yakiwa na tahadhari nyingi. Ofisi yenye historia ndefu namna hiyo ilikwama kwa sababu watu waliacha kufungua mlango. Wewe uligonga milango. Unajua mdadisi anayecheleweshewa malipo hujaza dodoso namna gani, unajua swali gani humfanya mama wa kaya ajibu "sina kazi" wakati ametoka kuuza sokoni. Wachumi wengi wanaopandishwa kwenye nafasi hii hawalijui hilo, na hakuna modeli ya kulifidia. Ukiniuliza ni nini kinachokufaa kwa cheo hiki, nitaitaja miaka ya udadisi kabla ya shahada.

Linda pia jambo moja ambalo hukulitaja: majibu ya kaya. Siku itafika utaombwa orodha ya waliosema hawana kazi, pengine kwa nia njema kabisa ya kuwapa msaada. Jibu ni hapana, kila mara. Data ya mtu mmojammoja ni ya matumizi ya takwimu tu. Ikitoka mara moja, mlango unaofuata hautafunguliwa.

Kuhusu ile taasisi binafsi, sitakuambia kwamba mshahara si kitu. Una watu wanaokutegemea, na hiyo ni sababu halali ya kuondoka. Nitakuambia tu tofauti niliyoiona kwa wenzangu waliohama: huko utatumia takwimu za wengine kujibu swali la mwajiri wako, mara nyingi kwa kasi na kwa uhuru wa kubuni, hapa utatengeneza namba ambayo kila mtu, hadi mpinzani wa serikali, ataanzia nayo hoja. Kuna wanaofurahia la kwanza na kufifia kwenye la pili. Njia ya tatu ipo pia. Uliza kama ofisi yenu ina ngazi ya mtaalamu mwandamizi wa mbinu, anayesimamia sampuli na uzito bila kubeba taarifa kwa umma. Si kurudi nyuma; ofisi nzuri haziwezi kuishi bila watu hao.

Kutolala kunanipa wasiwasi zaidi ya yote mengine. Wasiwasi wa usiku mmoja kabla ya kutoa takwimu wengi wetu tunao, na dawa yake ni ya kikazi: mtu wa pili arudie hesabu kuanzia data ghafi, kwa programu aliyoiandika mwenyewe, na taarifa ifungwe siku moja kabla. Lakini usingizi ukipotea pia wiki ambazo hakuna takwimu, au ukianza kuogopa kufungua kompyuta, nenda ukamwone daktari ana kwa ana. Vivyo hivyo, ukishinikizwa kubadilisha namba yenyewe, au ukitishiwa kazi yako, usitegemee ushauri wa kusoma kama huu. Zungumza uso kwa uso na mtakwimu mkuu, kisha na mwanasheria anayeijua sheria ya takwimu na ya utumishi ya nchi yako, kabla hujasaini chochote. Andreas Georgiou, aliyeongoza ofisi ya takwimu ya Ugiriki tangu 2010, aliburuzwa mahakamani kwa miaka mingi kwa namba za nakisi ya bajeti ambazo ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imezithibitisha. Hali kama yake ni nadra, lakini anayeifikia anahitaji wakili, si makala.

Kabla hujajibu barua ya cheo, omba dakika thelathini na mkuu wako na umwombe akuonyeshe karatasi tatu: ratiba ya kutoa takwimu ya mwaka mzima, sera ya marekebisho, na orodha ya wanaoona namba mapema. Zikiwepo, kubali. Zisipokuwepo, muulize kama utaruhusiwa kuziandika katika miezi sita ya kwanza na kama atazisaini. Jibu lake kwa swali hilo, na namna atakavyolitoa, ndivyo vikuamulie.